Meza ya Presha Kando ya Mnada

Mwalimu alikuja nyumbani kwangu Elerai Jumatano moja asubuhi, bila kupiga simu, amebeba kikapu cha ndizi mshale kama mtu anayekuja kumtazama mzazi aliyetoka kujifungua. Tulikuwa tumeonana mara moja tu, kwenye msiba wa jirani yangu ambaye alikuwa binamu yake. Pale msibani, tukiwa jikoni na wanawake wenzetu tunamenya viazi, alinisikia nikimweleza mtu kazi yangu: naitwa na watu wenye miradi, nawasaidia kujua kama mradi umefanya kile walichokusudia. Siku ile hakusema kitu. Kumbe aliliweka moyoni.

"Shikamoo mwalimu," nilimwambia mlangoni. Nilimwita hivyo kwa sababu kule kwao Akheri kila mtu humwita hivyo, hata mchungaji, ingawa alistaafu kufundisha shule ya msingi siku nyingi.

"Marahaba, mdogo wangu. Sikai sana."

Alikaa mpaka saa saba. Alinieleza kwamba usharika wao una timu ya afya, naye ndiye mwenyekiti. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada ya pili, waliweka meza nje ya kanisa wakapima watu presha na sukari. Meza ilikaa kando ya pale panapofanyika mnada, ambapo sadaka za mazao hunadiwa, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maana hapo ndipo watu wote hukusanyika. "Hakuna anayeweza kusema hakutuona," alisema. Walikuwa pia na matembezi ya Jumamosi asubuhi, na bustani ya mboga nyuma ya kanisa.

"Sasa mkutano mkuu wa usharika unataka tuoneshe matunda," alisema. "Na mimi sitaki kusimama mbele za watu niseme tunamshukuru Mungu, halafu nikae. Nataka kitu kilichoandikwa."

Nilikubali haraka. Nakiri kwamba niliiona ni kazi nyepesi. Nilikuwa nimemaliza miaka mingi ya kwenda mbali, vumbi la Longido, visima, mbuzi wa mradi, semina zisizoisha, na hii ilikuwa kazi ya kanisa la mlimani, nusu saa na kidogo kutoka nyumbani, na chai. Nilijua hata ripoti itakavyoanza.

Wiki iliyofuata nilikutana nao katika ofisi ya usharika. Walikuwa watatu: mwalimu mwenyewe, mzee wa kanisa mmoja aliyekuwa mkulima wa kahawa na mtu wa kutazama saa, na muuguzi wa zahanati ya jirani, baba wa makamo mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye aliyeshika mashine ya presha. Kabla hatujafungua daftari lolote niliwaomba kila mmoja aniambie jambo moja analotaka kulijua.

"Kwa nini wanaume hawaji kwenye matembezi," alisema mzee wa kanisa.

"Hilo silo la kutafuta," mwalimu akamjibu. "Wanasema jembe ni mazoezi tosha. Na wewe mwenyewe ulisema hivyo hivyo."

Tulicheka. Mwalimu akasema yeye anataka kujua wamefanikiwa kiasi gani. Muuguzi alikuwa wa mwisho.

"Mimi nataka kujua walioacha kuja wako wapi."

"Wengine wamehama," mwalimu alisema. "Wengine Bwana amewachukua. Wengine ni uvivu tu."

Muuguzi akatazama viatu vyake, na hapo kikao kikaendelea na mengine.

Nilirudi mjini na kaunta buku tatu. Sijawahi kupewa kumbukumbu safi kama zile. Mistari ilipigwa kwa rula, majina kwa mwandiko wa ubaoni, kila mwezi ukurasa wake. Presha ya kawaida iliandikwa kwa wino wa bluu, ya juu kwa wino mwekundu. Nilizitandaza mezani siku mbili, na siku ya kwanza nilifurahi, kwa sababu kadiri nilivyofunua kurasa ndivyo wekundu ulivyopungua. Siku ya pili niliacha kutazama rangi, nikaanza kufuata majina. Waliokuja kila mwezi walikuwa wale wale, na wengi wao walikuwa bluu tangu mwanzo. Wenye namba nyekundu walitokea mara moja, pengine mara mbili, kisha majina yao yakakoma.

Nilimpigia mwalimu simu nikamweleza.

"Basi twende tuwaulize," alisema. "Nitakupeleka mwenyewe. Baadhi ni wazee, Kiswahili chao ni cha kusikia tu. Nitakutafsiria."

Katika kazi yangu kuna kanuni ambayo hata anayeanza anaijua: mwenye mradi haketi kwenye mahojiano. Niliijua vizuri kuliko mtu yeyote kwenye simu ile. Lakini alikuwa mtu mzima, alikuwa ameniletea ndizi, na nikaona haya kumwambia abaki nyumbani. Nikamwambia sawa.

Ilikuwa katikati ya masika. Gari nililiacha kanisani kwa sababu ya utelezi, tukapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, mwalimu mbele na mabuti yake ya mvua, mimi nyuma nikishika shika miti. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu wote. Nyumba ya kwanza tuliambiwa mama mwenyewe yuko Dodoma kwa mwanawe tangu mwaka jana. Ya pili tulimkuta baba mmoja mchangamfu ambaye sasa anahudhuria kliniki hospitalini na ana dawa zake kwenye kopo la mafuta ya kujipaka. Alitutolea zote tuzione. Mwalimu alitoka pale amenyooka. "Unaona?" aliniambia.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mjane. Tulimkuta barazani juu ya kigoda, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Alitukaribisha, tukaketi kwenye benchi, na mimi nikachota konzi ya maharage nikaanza kuchambua naye, maana mikono mitupu mbele ya mtu anayefanya kazi hunitia aibu.

Nilimuuliza kwa Kiswahili kwamba zamani alikuwa anapimwa presha pale kanisani, na siku hizi hatumwoni, kuna nini? Mwalimu akamrudia swali kwa Kimeru.

Bibi hakunijibu mimi. Alimgeukia mwalimu akazungumza naye polepole, bila ukali, na vidole vyake havikuacha maharage.

Sasa, mimi nimezaliwa Machame. Kimachame na Kimeru ni ndugu wa karibu. Ukikaa kimya ukasikiliza, maneno yanaanza kujipanga yenyewe. Mwalimu alijua mimi ni Mchaga, lakini nadhani alinihesabu miongoni mwa Wachaga wa mjini, wale ambao lugha ya nyumbani imebaki kwenye salamu tu. Sikuwa nimemwambia vinginevyo. Na bibi aliyoyasema, kadiri nilivyoyashika, ni haya:

"Mwalimu, unanijua tangu ulipoletwa hapa bibi harusi. Siku ile ulikaa pale na daftari. Huyu kijana wa zahanati alikunong'oneza namba yangu, na wewe ukairudia kwa sauti yako ya darasani. Watu wote wakageuka. Upande ule wananadi kuku, upande huu unanadi presha yangu. Nilipofika nyumbani wake wa wanangu walishajua. Tangu siku hiyo jembe sigusi. Nikiinama wananiinua kama yai. Mjukuu wangu ananiambia bibi usicheke sana, utaanguka. Ndiyo maana nasali ibada ya kwanza. Ibada ya kwanza haina meza."

Mwalimu akanigeukia.

"Anasema anashukuru sana kwa huduma," alisema. "Ila siku hizi anasali ibada ya kwanza kwa sababu ya miguu, na lile jua la mchana."

Niliandika: miguu, jua. Kalamu yangu iliandika kabla mimi sijaamua, kama ilivyozoea. Halafu nikaruka mstari, na chini yake nikaandika maneno ya bibi. Nilipoinua kichwa bibi alikuwa ananitazama. Kiswahili cha kusikia alikuwa nacho. Lakini hakumsahihisha mwalimu. Alinitazama tu, akarudi kwenye ungo.

Tulimaliza chai. Wakati wa kuaga nilimshika bibi mkono, nikamwambia kwa Kimachame kwamba nimesikia, na pole. Alicheka kicheko kirefu, akakibana kidole changu, akanirudishia maneno yangu kwa matamshi ya kwao kama anayemrekebisha mtoto. Nyuma yangu mwalimu aliacha kufunga mwavuli wake.

Tuliteremka. Tulifika kwenye mfereji, pale palipowekwa gogo la kuvukia, na mwalimu hakuvuka. Alisimama.

"Kumbe unasikia."

"Nasikia, mwalimu. Siyo yote. Lakini yale niliyasikia."

"Na hukusema."

"Hukuniuliza. Na mimi nilipaswa kukwambia mapema. Nisamehe kwa hilo."

Nilitegemea atakasirika. Aliangalia maji, akaanza kunieleza habari za mumewe kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. Alianguka shambani saa nne asubuhi, bomba la dawa ya kahawa mgongoni. Kiharusi. Hakuwahi kupimwa presha hata siku moja katika maisha yake. Baada ya kuzika, mwalimu alikwenda kwa mchungaji akamwambia kwamba katika usharika ule asianguke mtu mwingine kwa kutoijua namba yake.

"Niliisoma kwa sauti ili wasikie," alisema. "Darasani nilisoma alama kwa sauti miaka yote. Aliyefeli aliona haya, muhula uliofuata akasoma."

"Wote walisoma?"

Bata wawili walipita mferejini, na aliwafuata kwa macho mpaka wakapinda.

"Wengine waliacha shule," alisema.

Sikuwa na la kumhukumu, na nilimwambia hivyo, kwa sababu tangu pale barazani nilikuwa na jambo langu lililokuwa linanisumbua. Miaka ya nyuma, katika kijiji kimoja huko Longido, mama mmoja alizungumza nami kwa Kimaasai kwa muda mrefu sana, akionesha kwa mkono bomba la mradi, boma lake, wanawe. Alipomaliza, mtafsiri, ambaye alikuwa mtu wa mradi, aliniambia: "Anasema mradi ni mzuri." Niliandika mradi ni mzuri. Nilijua kwamba maneno yale hayawezi kuwa mafupi hivyo. Lakini jua lilikuwa kali na gari lilikuwa linasubiri, na ripoti yangu ilisifiwa. Sijui mpaka leo yule mama alisema nini. Nilimsimulia mwalimu haya tukiwa tumesimama kwenye ukingo wa mfereji, watu wazima wawili wenye tope mpaka magotini.

"Basi wewe na mimi ni wale wale," alisema, na akavuka.

Nyumba zilizobaki nilikwenda na muuguzi, bila mwalimu. Ni mwalimu mwenyewe aliyetaka hivyo. Tulisikia habari ile ile kwa namna tofauti. Fundi seremala mmoja alisema wateja walianza kumuuliza kama ataishi mpaka amalize kabati. Mama mmoja wa kwaya alisema hakuna aliyemtangaza, lakini aliona wengine wakitangazwa, akaona heri asijue. Nilipomuuliza muuguzi njiani kama alikuwa hajui haya, alisimama akavua kofia.

"Nilijua," alisema. "Wengi wao huja zahanati mchana, watu wakiwa mashambani. Nawapima kimya kimya."

"Kwa nini hukumwambia mwenyekiti?"

"Alinifundisha darasa la tatu," alisema. "Mpaka leo akiniangalia natafuta kalamu yangu."

Kikao cha kuandaa ripoti kilikuwa kirefu. Mzee wa kanisa hakupenda. Alisema, na alisema kwa heshima, kwamba haya ni ya ndani. Mkutano mkuu una watu wa kila namna, na timu imejitolea bila mshahara. Tuandike tu kwamba baadhi wameacha kwa sababu ya umbali na umri. Nilimwelewa. Hakuwa anaficha kosa lake. Alikuwa anamkinga mwenzake. Muuguzi alieleza juu ya wale wa mchana, sauti yake ikizidi kushuka, mpaka mwalimu akamwambia apaze. Kisha yeye mwenyewe akafunga mjadala.

"Andika kama ilivyo," aliniambia. "Nitaisoma mimi."

Kabla ya mkutano alipanda peke yake kwa yule bibi. Sikuwepo, alinisimulia kwa simu. Alisema aliomba radhi alipofika tu, akiwa bado amesimama, na bibi hakujibu. Alimsukumia ungo. Mwalimu akaketi akachambua, wakazungumza habari za mvua, za ng'ombe, za mchumba wa mjukuu. Debe zima la maharage lilipokwisha ndipo bibi akasema, "Haya."

"Haya maana yake nini?" nilimuuliza.

"Haya ni haya, mdogo wangu. Nilishukuru nikashuka."

Siku ya mkutano niliketi benchi la tatu kutoka nyuma. Mwalimu alisoma kurasa zote bila haraka: matembezi, ambayo yalibaki kuwa ya akina mama wanne marafiki, bustani, ambayo ilistawi lakini mboga zake wengi waliwalisha ng'ombe, halafu meza. Aliposoma kwamba watu waliacha kuja kwa sababu namba zao zilitajwa hadharani, alinyanyua kichwa akasema, "Aliyezitaja ni mimi." Hilo halikuwa limeandikwa. Akaendelea kusoma.

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyenung'unika. Mzee wa kanisa alikwisha kuanza kutaja ajenda inayofuata, kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama upande wa akina mama.

"Kwa hiyo sasa meza itakaa wapi?"

Swali lile liliwafungua. Walizungumza juu ya meza kwa muda mrefu zaidi kuliko jambo lolote siku ile. Mwisho waliamua ihamie kwenye chumba cha shule ya Jumapili, mtu mmoja mmoja, pazia mlangoni. Namba iandikwe kwenye kadi, mtu aiweke mfukoni aende nayo kwake. Daftari libaki kwa muuguzi. Mwalimu aliomba apewe kazi ya kukaa nje na kupanga foleni, na mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba hapo sasa amepata mahali pa ile sauti yake. Walicheka wote, naye akacheka, ingawa nilimwona akivuta kitambaa chake vizuri kichwani kama anayejizuia.

Mwezi wa kwanza baada ya meza kuhama walikuja wachache kuliko wakati wowote. Mwalimu alinipigia simu jioni, amevunjika moyo, akiuliza kama tuliharibu kitu kilichokuwa kinakwenda. Nilimwambia angoje. Mwezi wa tatu tangu meza ihame, muuguzi alisema, fundi seremala aliingia chumbani akidai amekuja kuangalia bawaba ya mlango. Aliiangalia kweli, kisha akakunja shati. Baada yake wakaja wengine wawili watatu wa wino mwekundu, na wote walikuwa na sababu nyingine ya kupita pale.

Bibi hakurudi kwenye meza, na sidhani kama atarudi. Muuguzi hupita kwake mara moja kwa mwezi akitoka kazini, na alizungumza na wake wa wanawe, akawaeleza kipi kinamdhuru na kipi hakimdhuru.

Mimi nilirudi kule Jumapili moja ya mwezi wa saba mwaka uliofuata, bila kuitwa na mtu. Baada ya ibada ya kwanza nilipanda mpaka kwake. Nilimkuta pembezoni mwa shamba, amekata majani ya ng'ombe, mzigo umefungwa kamba uko chini, panga mkononi. Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nilimsalimu kwa Kimachame, akaniuliza kama nimekuja tena kuuliza watu maswali.

"Hapana bibi," nilimwambia. "Nilikuja kusali tu, nikasema nikuone."

"Basi kama huna kazi," alisema, akanionesha mzigo wa majani kwa ncha ya panga.

Nikauinua kichwani na gauni langu la kanisani, majani yananidondoshea umande shingoni. Yeye akatangulia, na hakupunguza mwendo.